Doti

Kituoni kwetu, jirani na uwanja wa ndege wa zamani,
kuna mpira wa kioo, mzito kama boga,
umekaa juu ya nguzo ya saruji, uso kwa uso na Loleza.
Kila jua likizama nachomoa kadi ya buluu nyuma yake,
natia nyingine.
Jua huandika kwa kuunguza:
mstari mweusi pale lilipowaka,
pengo pale wingu lilipokatiza likielekea Uporoto.
Miaka kumi na tisa nausoma mwandiko huu.
Juni hunong'ona, ukungu ukiwa bado umelala Uyole.
Oktoba hupayuka kutwa.

Lakini ipo sauti ya jua ambayo kioo hakiisikii.
Urujuanimno: haina rangi machoni petu,
ila shingo ya mchuma pareto inaijua,
na turubai la viazi, linalochanika kama gazeti
kabla mwaka haujaisha.
Nyingine haifiki; ozoni imeshaitoza ushuru huko juu.
Anayetaka kuipima nzima
sharti apande mpaka hewa imwishie.
Ndiyo maana kuna chombo kinazunguka huko,
kimelikodolea jua,
kinahesabu linavyopanda na kushuka
katika msimu wake wa miaka kumi na mmoja,
msimu usio na masika.

Hayo nilimweleza mama, Subilaga, jioni moja
tukimenya viazi, yeye akimenya kwa vidole tu.
Akasema, "Siku hizi jua limefifia.
Zamani pale Igawilo lilikuwa linatoboa kilemba."
Nikacheka. Si jua, mama. Ni mtoto wa jicho.
Kisha kicheko kikanikwama,
maana swali hilohilo huwakosesha usingizi waliokirusha chombo.
Jua humchoma anayelitazama.
Vioo vinachujuka, namba zinateremka mwaka hadi mwaka,
na hapana wa kupanda kwenda kuvifuta.
Nani kapungua: lile la mbali, au jicho?

Mama akanyanyuka, ukuta ukimwongoza,
akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni.
Akatoa kanga. Nyingine akaifungua kiunoni.
Akazitandaza magotini pangu, mbilimbili.
"Zilitoka dukani Mwanjelwa siku moja, hazijakatwa."
Ya sandukuni ilinuka dawa ya nondo,
nyekundu bado, maneno yamesimama wima:
JIRANI HESHIMU MLANGO.
Ya kiunoni, iliyopalilia ekari mbili na kubeba watoto watano,
rangi ya chai iliyozidi maziwa;
limebaki JIRANI, nalo kwa kubahatisha.
"Hii ya shamba usiiulize jua likoje," alisema.
"Iulize ile. Lakini usiitoetoe.
Nayo itachujuka."

Nikamwambia: wahandisi wamefanya vivyo hivyo.
Kando ya jicho la kwanza wameweka la pili,
mlango wake hufunguliwa kwa nadra, kitambo kidogo, hufungwa,
na hata kitambo hicho hukatwa kwenye hesabu.
Alikuwa anaikunja kanga, pindo kwa pindo.
"Basi," alisema, "na wao wana mama zao."

Agosti alipasuliwa jicho la kulia, Hospitali ya Rufaa.
La kushoto likabaki kwenye foleni.
Wiki ya tatu nilimleta kituoni, magharibi,
upepo ukitukwangua mashavu,
nikamkabidhi kadi ya kesho, isiyoguswa na moto.
Akafumba la kushoto. "Buluu. Kama sweta za shule."
Akafumba la kulia. "Majani makavu."
Akarudia. Buluu. Majani. Buluu.
Akaicheka kadi, akanicheka mimi,
tukashuka kwenda kunywa chai, kadi ikiwa mkononi mwake.

Kesho yake jua liliwaka Mbeya tangu alfajiri hadi jioni
na halikupata pa kuandika.